Anarudi Jumatatu

Fundi hakuandika majina ya wateja wake, aliandika walivyo. Kila redio iliyoingia dukani kwake ilifungiwa kipande cha boksi kwa uzi, na juu ya kipande hicho, kwa kalamu ya bluu na mwandiko uliolala kidogo, alimchora mwenye chombo kwa maneno machache. "Mama wa maandazi, hapendi kungoja." "Mzee wa baiskeli nyekundu, anasema imeanguka yenyewe." "Kijana wa sokoni, mwongo kidogo lakini ana adabu." Wateja walivisoma vipande hivyo walipokuja kuchukua vyombo vyao, na wengine walinuna. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamia Dunda, mtaa wa Bagamoyo, kutoka bara, aliikuta redio yake imeandikwa: "Mwalimu, anajua kila kitu isipokuwa betri zina pande mbili." Alicheka mpaka akakaa chini barazani. Tangu siku hiyo mimi nikawa binti Mwalimu, na sikumbuki Fundi akiniita kwa jina jingine.

Wala mimi sikumwita kwa lake. Dunda ina fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi bomba, na kila mmoja anatajwa pamoja na kazi yake asichanganywe na mwenzake. Yeye peke yake alikuwa Fundi, basi. Ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke kwa Fundi, hakuuliza wa nini.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye baraza ya saruji, mkabala na nyumba tuliyopanga sisi. Alivaa shati jeupe la mikono mifupi lililopigwa pasi, kofia ya kiua, na bisibisi nyuma ya sikio, pale ambapo maseremala huweka penseli. Skrubu alizitunza kwenye makopo ya maziwa, kopo moja kwa kila redio, na skrubu ya mtu huyu haikuchanganywa na ya yule hata kama zilifanana kama mapacha. Nilimuuliza siku moja, nikiwa bado na sare ya shule, kwa nini asiziweke zote pamoja. Akaniangalia kama niliyetukana. "Mwanangu, mtu amekuachia chake. Hakukuachia kinachofanana na chake."

Hapo ndipo alipokuwa na wazimu wake, kwenye neno moja: amana. Chombo kikishaingia mlango ule hakikuwa redio tena, kilikuwa amana, na amana haikuazimwa, haikuuzwa, haikutoka mpaka mwenyewe aje. Rafu za chini zilikuwa za waliokuja wiki hii. Rafu za kati za waliosahau. Na rafu ya juu kabisa ilikuwa na chombo kimoja tu, redio kaseti nyeusi yenye mpini, iliyofunikwa kitambaa cheupe, na kipande chake cha boksi kilisema: "Mgeni wa Misheni, mkono umefungwa bandeji, ana haraka. Anarudi Jumatatu."

Hakurudi Jumatatu. Hakurudi Jumatatu iliyofuata. Fundi aliitengeneza redio ile ndani ya siku mbili, na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua chombo cha mtu yeyote, aliishusha, akaipangusa vumbi, akaifunika tena. Nilipoanza kumwona akifanya hivyo nilikuwa darasa la sita. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu alikuwa bado anafanya.

Sasa nijieleze, maana mtu anaweza kuuliza mimi na redio za watu tuna lipi. Mimi ni mpiga besi na mwimbaji wa bendi inayoitwa Nondo. Kama hujawahi kutusikia usijilaumu, hatupigwi redioni. Tunapiga muziki mzito: nyuzi za gitaa zimeshushwa hadi zinanguruma, ngoma zinatembea polepole kama mtu aliyejitwisha gunia la chumvi, na juu yake sauti yangu, ambayo shangazi zangu wanasema si sauti ya mtoto wa kike. Tuko watatu. Ngoma ni za Saidi, tuliyekua naye mtaa mmoja. Gitaa ni la Kalebi, ambaye mama yake aliongoza kwaya. Hatuna kampuni wala meneja. Tunarekodi wenyewe katika chumba cha nyuma cha kina Saidi, tumekiziba kwa magodoro ya zamani, na nyimbo tunawagawia mashabiki kwenye simu, au mtu anakuja na flashi yake anachukua.

Tuna desturi moja inayotutambulisha. Kabla ya kupiga wimbo tunasema umetoka wapi. Mapigo haya ya katikati, Saidi anawaambia watu, nimeyatoa kwenye dufu la maulidi, kwa babu yangu. Hiki kipande cha mwisho, anasema Kalebi, ni wimbo wa kwaya ya mama, nimeukanyaga kidogo tu. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyowaambia, na mashabiki wetu wanapenda hilo kuliko hata nyimbo zenyewe. Wanatuuliza, tunawajibu. Wanatafuta tulikochota, wanasikiliza, wanarudi kubishana nasi.

Ila kulikuwa na asili moja, asili ya asili zote, ambayo tulikuwa tunaisema nusu. Tuliwaambia kwamba sote watatu tulipata muziki huu kwa fundi redio wa mtaani kwetu, kwenye kaseti yake ya kupimia spika. Hapo tulinyamaza. Saidi na Kalebi walinyamaza kwa sababu hawakujua zaidi. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua.

Kaseti yenyewe ilikuwa ndani ya redio ya yule mgeni. Haikuwa na jalada wala maandishi. Fundi aliitoa ili afanye kazi, na akagundua kwamba ilimfaa kuliko zote. Spika yoyote iliyotengenezwa, kubwa kwa ndogo, aliiunganisha na deki yake ya kupimia, akatia kaseti ile, akabonyeza. Ukatoka mngurumo wa magitaa, mzito, mwendo wa pole, unayumba kidogo kama sakafu inayoondoka. Kisha likaingia dume moja linaimba kwa sauti ya chini sana, kwa lugha tusiyoijua. Sisi watoto tulilipa jina la Jitu. Fundi alisikiliza huku amefumba macho, mkono juu ya spika, na palepale Jitu lilipokuwa linavuta pumzi kuingia kwenye kiitikio, kila siku mahali palepale, alibonyeza, kimya. Spika imepita.

Mwisho wa wimbo ule hatukuwahi kuusikia. Ukisikiliza nyimbo za Nondo utaona zote zina mahali zinapokatwa ghafla, wakati kila mtu anategemea kiitikio, kisha kimya cha kuhesabu mpaka nne. Mashabiki wanapaita "kwa Fundi". Wapo wanaodhani ni ufundi mkubwa wa utunzi. Ni mzee wa Dunda aliyeridhika na spika.

Nilimuuliza, na haya niliyauliza kwa uchokozi: "Fundi, si umesema amana haiguswi? Mbona kaseti ya watu unaipiga kila siku?"

"Kaseti isipozungushwa huku pwani inaota ukungu," akajibu bila kuinua kichwa. "Siipigi. Naitunza."

"Na muziki wake unaupenda?"

"Mimi sisikilizi muziki. Nasikiliza spika."

Hilo alilisema maisha yake yote, na Saidi aliapa maisha yake yote kwamba amekiona kidole gumba cha mguu wa Fundi kikitikisika ndani ya kandambili. Mimi sikukiona. Lakini nilimwona siku walipomletea amplifaya ya msikiti ikikoroma. Aliitengeneza, akaiunganisha, akaipima kwa kaseti ileile, sauti juu, mchana kweupe. Imamu mwenyewe alikuwa anapita. Akasimama, akaingiza kichwa.

"Fundi, hiyo ndiyo amplifaya yetu?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Na hayo?"

"Hayo ni mtihani, Sheikh. Ikistahimili haya, itamstahimili na muadhini wako."

Imamu alishika ndevu akaenda zake, na nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko hadi kona.

Msimdhanie mpole. Alikuwa mkali, tena mkali wa kuchosha. Mtu akiitikisa redio ili kumwonyesha inavyogonga ndani, alinyang'anywa. Mtu akisema "nilijaribu kuifungua mwenyewe", aliambiwa aketi barazani atafakari. Simu hakuzigusa kabisa. Alisema hazifunguliwi, zinapasuliwa. Jirani mmoja alimsihi amwangalizie televisheni bapa, Fundi akakataa kwa siku tatu, siku ya nne jirani akamkuta sebuleni kwake anaitengeneza kwa kununa. Alichukia kelele. Watoto wakipiga kelele barazani kwake aliwafukuza kwa kitambaa cha vumbi, kisha anageuka anabonyeza kaseti inayotikisa mabati ya mtaa mzima. "Kelele ni nguvu iliyokosa kazi," aliniambia. "Hii ina kazi."

Sisi watatu hakutufukuza. Tulisimama ng'ambo ya njia, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yetu, kila alasiri baada ya shule, tunangoja spika ya mtu ipone. Kulikuwa na wiki bila spika hata moja, na tulitembea tumenyong'onyea kama waliofiwa.

Nifike sasa kwenye ufagio. Wakati wa swala Fundi hakufunga mlango. Aliulaza ufagio wa chelewa kizingitini, akaenda. Ufagio ukilala mlangoni, duka limefungwa, na Dunda nzima hakuna aliyeuruka. Sikumbuki hata mbuzi akiuruka.

Mimi niliuruka. Ijumaa moja, nikiwa kidato cha kwanza, mtaa uko kimya na wanaume wote wako msikitini, nilivuka njia, nikauruka ufagio, nikaitoa kaseti kwenye deki, nikakimbia nayo nyumbani. Nilitaka kitu kimoja tu, kusikia kiitikio. Niliitia kwenye redio ya baba nikabonyeza.

Ukatoka wimbo nisioujua. Ulikuwa wa haraka, mwepesi, wa kuchezea, magitaa yanaruka kama watoto kwenye kamba. Kisha akaimba mwanamke. Sauti nyororo, changa, yenye furaha. Nilibonyeza kuzima. Niliamini kwamba redio ya baba imeiharibu kaseti, kwamba nimeliua Jitu. Nilirudi mbio, nikairudisha kwenye deki, nikauruka ufagio, nikaenda kulala kitandani na kujifunika shuka mchana wa jua kali.

Alasiri Fundi alipima spika, na Jitu likanguruma kama kawaida. Nililia kwa shukrani. Ilinichukua miaka kuelewa. Nilikuwa tayari nina besi yangu, tayari nimejifunza kuimba chini kama lile dume, siku niliposoma mahali jinsi mpira wa kuzungushia ndani ya deki unavyolegea ukichoka, na kaseti ikaenda pole, na sauti zote zikashuka. Nilikaa nikiangalia ukuta. Hapakuwa na Jitu. Hapakuwa na muziki mzito. Kulikuwa na msichana mmoja anaimba wimbo wa kuchezea kwenye mashine mbovu ya fundi hodari kuliko wote Bagamoyo, na msichana mwingine ng'ambo ya njia aliyeharibu koo lake kumwiga.

Sikumwambia mtu. Nikisema, nimekiri kwamba niliruka ufagio. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi: nikisema, nimemvua nguo Fundi. Mtu ambaye alijenga heshima yake yote juu ya vyombo vya watu, deki yake mwenyewe, aliyoiwekea mkono kila siku ya kazi, ilikuwa inakwenda kombo na hakujua. Ndivyo nilivyodhani. Bora niseme uongo wa kunyamaza, nikawa nausema mbele ya mashabiki mwaka baada ya mwaka, mimi ninayewaambia mficha uchi hazai.

Mwaka huu uongo ukanifuata. Mashabiki waliomba tufanye kikao cha kusikiliza asili zetu, zote, moja baada ya moja, hapahapa Bagamoyo. Na kuliko zote walitaka kaseti ya Fundi. Kalebi akawaahidi bila kuniuliza. Ahadi ni deni, nikatumwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye binti Mwalimu.

Nilimkuta anatafuta skrubu chini ya meza kwa kupapasa. Macho yalikuwa yameanza kumwacha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti Mwalimu. Hebu niokotee hiyo, iko karibu na mguu wako."

Nilimwokotea, nikamweleza. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Kaseti haitoki. Ni amana ya watu."

Nafsi yangu iliruka kwa furaha. Nimeokoka, nikasema moyoni; nitawaambia amekataa. Nikaanza kuaga.

"Ngoja," akasema. "Kaseti haitoki, lakini masikio yana miguu. Waambie waje wao hapa."

Walikuja Jumamosi asubuhi. Wengine walitoka Dar na basi la alfajiri, fulana nyeusi, nywele za kila namna, wamejaa barazani na njiani hadi kwenye ukuta wetu wa zamani. Majirani walitoa viti. Mama wa maandazi, mzee sasa, hapendi kungoja vilevile, alipitisha sinia. Fundi alivaa kanzu. Kila kijana alimwamkia shikamoo, naye akamwitikia kila mmoja marahaba yake peke yake, akimwangalia usoni, mpaka nusu saa ikaisha kwa salamu.

Kisha akaunganisha spika kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akabonyeza. Jitu likanguruma. Niliwaona vijana wakifumba macho, vichwa vikishuka na kupanda taratibu. Na ilipofika mahali pale, pumzi ikivutwa, Fundi akakata, na mtaa mzima ukapiga kelele kwa pamoja, kwa sababu walipajua. Walikuwa wamepasikia kwenye kila wimbo wetu. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkristo, imekwisha salama.

Fundi alitoa bisibisi nyuma ya sikio akaanza kufungua deki.

Nilipenya hadi mezani. "Fundi, inatosha," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Wamefurahi, tuache hapo."

"Haijatosha."

Alitoa mpira wa zamani akauweka mezani. Alifungua droo, akatoa mwingine kwenye karatasi iliyogeuka manjano. Aliutia kwa kupapasa. Alikosea mara ya kwanza, akakosea ya pili, na hakuna aliyecheka. Mara ya tatu ukaingia. Akarudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Akaimba yule msichana.

Kalebi alinishika mkono akauminya hadi ukauma. Fundi aliuacha wimbo uende mpaka mahali pale, akakata, akageukia watu.

"Hivi ndivyo wimbo ulivyo," akasema. "Deki yangu ilikuwa inakwenda pole. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Fundi anayejua chombo ni kibovu akakiacha, huyo si fundi. Mimi nimekiacha zaidi ya miaka ishirini, mbele ya wateja wangu. Nimeona niseme mwenyewe, asije akalazimika kunisemea mtu mwingine."

Hakuniangalia aliposema hivyo, na mimi niliangalia miguu yangu.

"Kwa nini sasa, Fundi?" Saidi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Fundi akaelekeza bisibisi ng'ambo ya njia. "Kulikuwa na watoto watatu wanasimama pale. Siku moja nikasema nitengeneze mashine yangu, nikatia mpira huu mpya, nikapiga. Wakaangaliana, wakadhani ni kaseti nyingine. Wakaondoka kabla mtu hajaimba. Kesho yake spika ipo, wao hawapo. Nikarudisha wa zamani, nikaongeza sauti." Akapangusa meza palipokuwa safi. "Wakarudi. Nikasema, kumbe ubovu wangu una wenyewe."

Binti mmoja wa Dar, mwenye pete ya pua, akapaza sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo Nondo imezaliwa na mpira mbovu, mzee wangu?"

"Mpira haukuwa mbovu, mwanangu. Ulikuwa umechoka."

Basi wakalipuka. Walipiga makofi, wakapiga mabati, wakadai aurudishe mpira wa zamani, rudisha, rudisha. Fundi akakataa katakata. Chombo kilichopona hakirudishwi ugonjwani, aliwaambia, na kelele hizo waende wakapige kwao. Mpira wa zamani akauchukua akanitia kiganjani. "Huu ni wangu, si amana. Chukua." Ninao, umefungwa kwenye kichwa cha besi yangu. Wapo mashabiki waliosema baadaye kwamba tuliwadanganya. Wapo waliotupenda mara mbili. Kalebi alinuna wiki mbili kwa ajili ya Jitu, kisha akatunga wimbo bora kuliko zote alizowahi kutunga.

Haikupita muda Fundi alifunga duka na kuhamia Kaole kwa binti yake. Alimtafuta kila mwenye chombo, na waliofariki akawapa watoto wao. Nilikwenda kumwona Jumapili moja alasiri, kwa bajaji, na tende nusu kilo mapajani. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, amekonda, shati limepigwa pasi vilevile. Kando ya kitanda, juu ya kiti, ilikuwapo redio nyeusi yenye mpini chini ya kitambaa chake cheupe.

Tulizungumza juu ya baba yangu, juu ya betri. Binti yake alituletea chai akaingia ndani. Nikaona ni sasa au kamwe.

"Fundi, kuna Ijumaa moja niliruka ufagio."

"Najua."

"Niliichukua kaseti."

"Najua, mwanangu. Mimi nilikuwa naiacha upande wa kwanza juu. Nilipotoka msikitini nikaikuta upande wa pili juu." Alipumzika kidogo. "Nikasema, anayeulizia kaseti hii ni mmoja tu, binti Mwalimu, amekwenda kuisikiliza kwao. Sasa anajua mashine ya Fundi ni mbovu. Nikangoja uniaibishe mtaani. Wiki, mwezi. Hukuniaibisha."

"Na mimi nilikuwa nangoja unifukuze ukutani." Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyazuia. "Niliiba amana, Fundi. Mbona hukusema kitu?"

Alinigeuzia uso, ingawa sidhani kwamba aliniona vizuri.

"Uliirudisha," akasema.

Kuku alipita, akarudi. Kisha akaniuliza kama nina kalamu. Ninayo, nikamwambia.

"Chukua hicho kipande cha boksi kwenye redio. Nisomee kinasemaje."

Nikamsomea. Mgeni wa Misheni, mkono umefungwa bandeji, ana haraka. Anarudi Jumatatu.

"Mahali pamebaki?"

"Pamebaki kidogo, chini."

"Basi andika hapo: Aulize kwa binti Mwalimu, Dunda."

Niliandika. Mwandiko wangu karibu na wake ulionekana wa mtu asiyekwenda shule. Aliniomba nimsomee tena yote, toka juu hadi chini, nikasoma, akaitikia kwa kichwa kama aliyemaliza kupima spika.

Nilirudi Dunda nimeipakata redio ile, na dereva wa bajaji aliponiuliza kama bado inapiga nilimwambia si yangu. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Niliipangusa vumbi. Niliitoa kaseti nikaizungusha kwa kalamu, polepole, toka mwanzo hadi mwisho na kurudi, isije ikaota ukungu. Sikuipiga. Kisha nikaiweka mahali pake, upande wa kwanza juu.